Pulsar 150 ama Apache RTR 160? Vile ya kuchagua ukiwa Mombasa

Kila baada ya siku chache lazima nipate mtu wa kuniuliza swali hili, jirani ama mtu wa kazini, ati nichukue Pulsar 150 ama Apache RTR 160, na huwa ataka jibu la neno moja pale pale tumesimama. Neno moja sina. Hizi pikipiki zimekaribiana mno, zote za India, Pulsar ya kampuni ya Bajaj na Apache ya kampuni ya TVS, zote gia tano, tairi za inchi 17, diski mbele, umbo la mbio lakini kazi yake ya kweli ni kukupeleka kibaruani na kukurudisha. Ukikaa kulinganisha karatasi utakesha na asubuhi utakuwa ulipolala nalo. Kinachoamua ni njia unayopita kila siku, mtu unayembeba nyuma, na hii chumvi yetu ya Mombasa, na hiyo chumvi ndiyo watu hawaifikirii kabisa mpaka pikipiki ishaoza.

Mimi nina Pulsar na shemeji yangu ana Apache, na kuna wakati tulibadilishana wiki mbili nzima manake alikuwa ataka kuuza yake na hajui achukue nini. Mimi natoka Mtwapa naja kazini Changamwe, yeye akaa Tudor na shughuli zake ni za kuzunguka mjini, leo Kizingo, kesho Bondeni, keshokutwa Majengo. Nilichojifunza hizo wiki mbili sikukipata kwa miaka yote ya kubishana kijiweni.

Hesabu tuzimalize haraka. Apache ni cc 159.7 na nguvu zake ni farasi 15 na kidogo, Pulsar ni cc 149 na farasi kama 14. Hiyo farasi moja usiuzie mtu, hutaisikia. Utakachosikia ni tabia ya injini. Pistoni ya Apache ni pana, milimita 62, na safari yake ya kupanda na kushuka ni fupi, milimita 52.9, kwa hivyo injini yapenda kuzungushwa juu, ukiishika chini chini yalalamika lakini ukiifungulia yaondoka kwa hasira. Nlipokuwa nayo pale Changamwe, ukitaka kutoka mbele ya trela linalopanda taratibu na nyuma yako kuna matatu apiga honi, gia ya tatu, mafuta, ushapita. Raha kweli. Pulsar yataka uipange mapema kidogo, lakini ukiiacha gia ya nne kwa mwendo mdogo yajivuta bila kukukatisha tamaa na huhitaji kuchezea klachi kila dakika.

Sasa upande wa pili wa hiyo raha. Njia ya Mtwapa ukishikilia themanini kwa muda mrefu, Apache huanza kutetema, kwanza kwa kikanyagio cha mguu alafu yapanda mpaka kwa mikono, na siku ya tatu nilifika kazini vidole vyaniwasha kama nimeshika mashine ya kusaga. Shemeji naye hajawahi kuliona jambo hilo miaka yote kwa sababu mjini hapati barabara ya kufika themanini! Ndiyo nikwambie, mtu akikusifia pikipiki yake muulize kwanza yeye huenda nayo wapi.

Kukaa pia. Usukani wa Apache umegawanyika vipande viwili na umekaa chini kidogo, wakulazimisha uiname mbele, uzito wako waenda kwa viganja. Kijana wa kilo sitini ataona ndiyo mambo yenyewe. Mimi wa miaka arubaini na tumbo lake, jioni saa kumi na moja nimekwama foleni ya Buxton kupanda daraja la Nyali, nikishika klachi nikiachia, nikishika nikiachia, viganja vilikuwa vyalia. Pulsar wakaa wima zaidi na siti ni laini kuliko. Kwa hivyo ukienda kuiangalia dukani usikae dakika mbili ukasema sawa, kaa robo saa nzima, mikono kwa usukani, miguu kwa vikanyagio, mwenye duka akishangaa mwache ashangae. Kiuno na viganja vyako vitakupa jibu kabla hujalipa hata shilingi.

Alafu mpeleke yule utakayembeba. Hili nalisisitiza sana kwa sababu wengi wetu twabeba wake zetu, mama zetu, dada zetu, na wamevaa buibui ama leso. Hizi pikipiki zimetengenezwa nchi ya watu wanaovaa sari, na ndiyo maana upande wa kushoto wa tairi la nyuma huja na ule wavu wa chuma wa kuzuia nguo isiingie kwenye cheni na tairi. Vijana wengi kitu cha kwanza wakinunua ni kuung'oa ule wavu ati waharibu shepu. Tafadhali usiung'oe, na ukinunua ya mkononi umekuta umeng'olewa, utafute mwingine kabla hujambeba mtu. Mke wangu buibui lake lilishikwa mara moja tu, kwa pikipiki ya mtu mwingine iliyokuwa haina wavu, tulikuwa twaenda mwendo wa kutembea, kitambaa kikavutwa kama kimetafunwa na yeye akavutwa nacho. Alishuka na mchubuko wa mguu, alhamdulillahi, lakini ningekuwa na mwendo sijui leo ningekuwa naandika nini. Kwa mambo ya abiria mke wangu alichagua Pulsar bila kufikiria, siti ya nyuma ya Apache alisema yamtelezesha mbele kila nikishika breki.

Mafuta msisumbuane sana. Zote ukiendesha kwa adabu zacheza karibu karibu, yangu hunipa kama kilomita arubaini kwa lita. La kuangalia ni tangi, Pulsar ni lita 15, na Apache za matoleo mapya ni lita 12, kwa hivyo mtu wa safari ndefu kama yangu, ama yule wa kupita Dongo Kundu kwenda Ukunda na kurudi kila siku, atakuwa anasimama petroli steshoni mara nyingi zaidi na Apache.

Haya, chumvi. Hapa ndipo nataka ukae na mimi.

Pikipiki ya Mombasa haizeeki kama ya Nairobi. Ile hewa ya bahari huingia kila mahali, na ukikaa karibu na ufuo kama Nyali, Bamburi ama Shelly Beach, bolti mpya miezi michache ishashika rangi ya chai. Alafu kuna jambo lingine watu hawalioni, maji ya kuoshea. Sehemu nyingi za kuosha pikipiki hapa hutumia maji ya kisima, na visima vyetu vingi ni chumvi. Wewe walipa ioshwe ing'are, kumbe waipaka chumvi kwa mikono yako mwenyewe! Ukiosha kwa kisima, malizia na ndoo moja ya maji ya mfereji yasiyo na chumvi, uikaushe, alafu cheni uipake oili siku hiyo hiyo.

Mimi hili lilinipata. Pikipiki yangu ya kwanza ya aina hii nlinunua mkononi kwa mtu wa pwani hapa hapa, imeng'aa, rangi mpya, nikaingia mzima mzima. Wiki ya pili usiku nimefika katikati ya daraja la Nyali ikazima. Nikapiga stata, ikashika, ikazima. Upepo wa kusi wavuma kutoka baharini, magari yanipita sentimita chache, na mimi nasukuma pikipiki nikiwa nimeegemea ukingoni mpaka nikatokea upande wa Kongowea. Kesho yake fundi akafungua kabureta akaimimina kwenye kifuniko cha soda, pale chini kulikuwa na vumbi jekundu kama pilipili ya kusaga. Tangi lilikuwa limeoza ndani na rangi nje ni mpya.

Kwa hivyo ukienda kuangalia ya mkononi, iwe Pulsar iwe Apache, fungua tangi umulike ndani na tochi ya simu, ukiona wekundu ama magamba, hiyo bei ishuke ama uende zako. Lala chini, ndiyo, lala kabisa, uangalie tumbo la egzosi na pale inapounga na injini. Toa siti uangalie chesisi ya nyuma na vichwa vya betri, vikiwa na ukoga wa kijani nyaya zitakusumbua. Shika breki ya mbele uibonyeze shoki mara kadhaa alafu upitishe kidole kwenye ile nguzo inayong'aa, kama kidole chatoka na oili ama waisikia imekwaruza, sili, ile mipira ya kuzuia oili isitoke, zimekwisha na kutu ndiyo imezila. Mwambie mwenyewe mapema asiiwashe kabla hujafika. Ukifika shika injini kwa mkono, ikiwa ishapata moto ujue kuna shida ya kuwaka asubuhi ambayo hataki uione.

Kwa Pulsar kuna jambo moja la ziada. Ile silinda yake moja ina plagi mbili. Moja ikifa injini haizimi, yaendelea kutembea na mwenyewe hajui, ila nguvu zapungua na mafuta yaliwa. Mwambie fundi atoe zote mbili uzione, na usikubali ukaonyeshwa moja tu ya mbele ya macho.

Jambo ambalo mimi ningelifanya hata kabla ya kuona pikipiki yenyewe ni kutembea maduka ya spea. Chukua asubuhi moja, pita Mwembe Tayari, pita Kongowea, ingia maduka matatu na uulizie vitu vinne tu, waya wa klachi, brekipadi za mbele, seti ya cheni na sproketi, na kioo cha taa. Uliza vya Pulsar 150 na vya Apache 160, uliza bei, na uliza kama viko pale dukani sasa hivi ama "ntakuagizia Nairobi." Neno hilo la mwisho ndilo la kuhesabu, kwa sababu kila "ntakuagizia" ni siku unazopanda matatu na pikipiki imelala uani. Na mafundi vilevile, wengi mikono yao imezoea Boxer na HLX, zile pikipiki za bodaboda, hizi za mbio si wote wazijuao, mtafute fundi wa mtaani kwako umuulize amefungua ngapi za aina unayotaka. Fundi mzuri wa Apache akiwa mlango wa pili kwako hapo Magongo, mimi nitakwambia chukua Apache hata kama yote niliyosema juu yaelekea Pulsar.

Ukifika kuijaribu usizunguke tu uwanjani. Omba uende nayo njia yako halisi, saa yako halisi, ukiwa na abiria wako, umwachie mwenyewe kitambulisho ama aje nyuma na pikipiki nyingine. Pita matuta, pita vumbi la kando ya barabara, shika breki kwa nguvu mahali salama uone kama yavuta upande mmoja. Kofia ngumu mbili, yako na ya abiria, hata ikiwa ni majaribio.

Mwisho karatasi, na hapa usione haya kuonekana msumbufu. Soma namba ya chesisi iliyopigwa kwa chuma pale shingoni uilinganishe na logibuku herufi kwa herufi, kama kutu imeila haisomeki basi hiyo si biashara. Fanya uchunguzi wa umiliki kwa NTSA, ile mamlaka ya usafiri, kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, jina likiwa si la anayekuuzia muulize mwenye jina yuko wapi. Pesa zote usitoe mpaka umeona ameanzisha kuhamisha umiliki kwa akaunti yake na wewe umekubali kwa yako, mkiwa mmekaa pamoja meza moja. Shemeji yangu hatimaye hakuuza Apache yake, alinirudishia Pulsar Jumapili jioni tangi limejaa, akaniambia kiti chako kizuri lakini chanisinzisha, akachukua funguo zake akaenda.