Mtoto wa sekondari anazimia zimia na hamjui sababu? Fanyeni hivi

Nafanya kazi OPD (wagonjwa wa nje), na wazazi wanaoleta kijana "anayeanguka anguka shuleni" nawaona sana tu, shida ni kwamba wengi wanakuja na sentensi moja, alizimia akaamka. Haitoshi jamani. Hakuna kipimo kimoja cha kuzimia, jibu kubwa linatoka kwenye maelezo.

Hatua ya 1: Akianguka
Mlaze chali hapo hapo, inua miguu, legeza tai na mkanda, watu wasogee. Usimkalishe, damu inatakiwa irudi kichwani. Akitetemeka au akitapika mgeuze alale ubavu. Msimtie kijiko wala maji mdomoni. Dakika mbili zikipita hajazinduka, hospitali haraka, na kama hapumui anza kubonyeza kifua huku mwingine anatafuta usafiri.

Hatua ya 2: Mtafute aliyeona
Hapa ndo penye kazi. Mzazi mara nyingi hakuwepo, kwa hiyo mpigie mwalimu wa zamu, ongea na rafiki anayekaa naye dawati moja, halafu andika kwenye daftari: alikuwa anafanya nini, alisema anasikiaje kabla, alikaa chini muda gani, alijikojolea, alijing'ata ulimi, alipoamka alijua yuko wapi au alichanganyikiwa.

Aliyesimama paredi juani hajanywa chai, akatoka jasho, akaona giza, akaanguka na kuzinduka ndani ya dakika moja akiwajua watu, mara nyingi ni presha na mapigo ya moyo vimeshuka ghafla, umri huu inatokea sana na wengi inawaacha wakikua. Aliyeng'ata ulimi pembeni na kuchanganyikiwa muda mrefu tunafikiria kifafa. Ila kutetemeka sekunde chache peke yake sio kifafa, hata kuzimia kwa kawaida kunaleta hivyo, na kuna watoto wanameza dawa za kifafa bure kwa sababu hakuna aliyeuliza vizuri. Ikitokea tena mmoja arekodi kwa simu, ya kumuonyesha daktari tu, isirushwe kwenye magrupu.

Hatua ya 3: Hizi msisubiri kesho
Amezimia katikati ya kukimbia au kuogelea. Ameanguka ghafla bila dalili yoyote. Moyo ulienda mbio au kifua kiliuma kabla. Alishtuliwa na kelele kama kengele akadondoka. Kuna ndugu wa damu alifariki ghafla akiwa kijana. Hapo tunauchukulia ni moyo mpaka tuhakikishe sio, nendeni siku hiyo hiyo, na michezo isimame kwanza.

Hatua ya 4: Hospitali
Apimwe presha akiwa amelala, kisha akisimama mpaka dakika ya tatu. Sukari. Wingi wa damu, binti kipimo cha damu (Hb) kikisoma chini ya 12 g/dL ana upungufu, na aulizwe kama hedhi yake ni nzito. Malaria kama ana homa. Binti aliyevunja ungo apimwe na mimba, na mama naomba utoke nje kidogo aongee na sisi peke yake, sio kukudharau, kuna mambo hatayasema ukiwepo.

Halafu ulizia ECG, kipimo cha umeme wa moyo, hii msiondoke bila kuipata. Haiumi, ni dakika chache, na kuna hitilafu za umeme wa moyo ambazo mtoto anaonekana mzima kabisa kumbe zipo. Mlipo hawana mashine ombeni rufaa ya wilaya au mkoa. Ikionyesha tatizo atapelekwa kwa wataalamu wa moyo, kwa Dar ni JKCI, Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete.

Familia ikisema ni mapepo, ombeni, siwakatazi, lakini ECG ipigwe kwanza.

Hatua ya 5: Ikithibitika ni presha kushuka tu
Asitoke bila chai, atembee na chupa ya maji, na akianza kuona giza alale chini au achuchumae papo hapo asione aibu, kama hawezi akunje miguu mkasi abane mapaja kwa nguvu. Mwalimu wa darasa aambiwe mapema ili mtoto aruhusiwe kukaa chini mstarini bila kuadhibiwa.