Kadi ya sigara ya zamani: imulike kabla ya kulipa
Ukikutana na kadi ndogo ya sigara, zile zilizotiwa ndani ya pakiti za sigara miaka ya 1880, yenye picha ya mwigizaji kama Lillian Russell au Sarah Bernhardt, usikimbilie pochi. Chukua ile taa ya zambarau ya kukagulia noti bandia, zima taa za chumbani, umulike kadi. Kemikali za kung'arisha karatasi zilianza kutumika kwa wingi baada ya mwaka 1950 hivi. Kadi iking'aa buluu-nyeupe kama shati jipya la shule, basi si ya miaka ya 1880, hata muuzaji aape vipi.

Kisha itazame kwa lenzi ya kukuzia. Kadi nyingi za waigizaji za Duke na Kinney, kampuni za sigara kule Marekani, zilikuwa picha halisi za kamera zilizobandikwa kwenye kadibodi iliyokazia pakiti laini isipondeke, kwa hiyo hutaona vidoti vya uchapishaji. Ukiona vidoti vya rangi vimejipanga kwa mistari, hiyo ni nakala ya kisasa.

Na ukiikuta imegandishwa kwenye albamu, tafadhali usiiloweke. Picha itajikunja na kubanduka, ubaki na kadibodi tupu.