Jinsi ya kuiandikia kaunti ikupe makaratasi ya mradi

Kama kwenu kuna zahanati imejengwa ikafika lenta ikaachwa, na ukiuliza unaambiwa pesa imeisha, usiishie kulalamika kwa WhatsApp. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila Mkenya haki ya kupata habari zilizoko serikalini, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 imeeleza zinaombwaje. Mimi nimeandika hizi barua miaka kadhaa sasa, nafanya hivi.

Hatua ya 1: jua karatasi unayotaka

Hapa ndio wengi wanakwama. Ukiandika "nataka kujua pesa zetu zilienda wapi" utajibiwa hotuba. Taja makaratasi yenyewe: kandarasi iliyosainiwa, BQ (ile orodha ya kazi na bei zake), vyeti vya malipo ya kontrakta, ripoti ya injinia. Halafu weka jina la mradi vile liko kwa bajeti, wadi na mwaka wa fedha. Barua yangu ya kwanza nilitumia jina tunaloliita sisi kijijini, nikajibiwa mradi huo haupo, na jengo naliona kwa dirisha langu!

Hatua ya 2: andika

Kiswahili kinakubalika kabisa. Asiyejua kuandika aende aseme kwa mdomo, afisa lazima amwandikie. Sababu ya kuomba si lazima useme, haki yako haitegemei hiyo. Kwa kaunti mimi naandikia katibu wa kaunti.

Hatua ya 3: peleka

Beba kopi mbili, yako igongwe muhuri na tarehe, usimwachie soja getini tafadhali, manake bila muhuri huna cha kuonyesha baadaye. Wana siku 21 za kukujibu, na kama makaratasi ni mengi wanaweza kuongeza mara moja tu, siku zisizozidi 14. Jambo likihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Kuomba ni bure, unalipia kutoa kopi peke yake.

Hatua ya 4: wakikataa au wakinyamaza

Siku 21 zikipita kimya, kisheria wamekataa. Nenda kwa Ombudsman, yani Tume ya Haki ya Utawala, ndani ya siku 30, na ile kopi ya muhuri, hawalipishi, na wana nguvu ya kuamuru upewe habari. Ukiambiwa "hiyo ni siri" omba sababu kwa maandishi. Siri zipo kweli, kama usalama wa taifa au mambo ya mtu binafsi, lakini bei ya simiti ya zahanati ya umma siioni hapo.

Makaratasi yakija, tafuteni fundi mnayemwamini, mwende saiti na BQ mkononi, mpime ukuta, mhesabu madirisha moja moja.