Namna ya Kufuatilia Hali ya Ukingo wa Mto Nairobi kwa Kujitolea

Katika fukwe nyingi wapo watu wanaojitolea kurudi kwenye kipande kilekile cha ufuo mwezi baada ya mwezi, wakiandika wanyama waliowaona, taka walizozikuta na kiasi cha ardhi iliyoliwa na mawimbi. Sisi wa Nairobi hatuna bahari, lakini maji ya Mto Nairobi huingia Mto Athi, ambao huko mbele huitwa Galana na hatimaye Sabaki, kisha humwagika katika Bahari ya Hindi kaskazini mwa mji wa Malindi. Chupa inayotupwa mtoni Kariobangi inayo njia ya kufika ufuoni, na kwa hiyo kazi hiyohiyo inafaa kufanywa huku juu.

Anza kwa kuchagua kipande cha ukingo chenye urefu wa mita 100 ambacho utaweza kukifikia kwa miguu mwaka mzima, hata katikati ya masika. Usichague mahali kwa sababu ni pachafu kuliko pengine pote, kwani ukifanya hivyo utapata picha za kusikitisha lakini hutajua hali ya mto. Mwanzo na mwisho wa kipande uweke kwenye kitu kisichohama, kama vile nguzo ya daraja, mti mkubwa au pembe ya ukuta wa mawe. Ukingo wa kulia na wa kushoto huhesabiwa ukiwa umeelekea kule maji yanakokwenda; waeleze wenzako wote jambo hili siku ya kwanza, la sivyo daftari litajaa mkanganyiko. Kabla ya yote, mwone mzee wa mtaa na vijana wanaofanya usafi hapo. Mbali na kutoa ruhusa, wao ndio wanaojua ni siku zipi maji hubadilika rangi na ni wapi ukingo ulibomoka wakati wa mafuriko ya mwaka 2024.

Wanyama huhesabiwa kwanza, kabla watu hawajaanza kutembeatembea na kuwafukuza. Fika kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa tatu asubuhi, simama kimya dakika kumi katika sehemu tatu zilezile, kisha andika kila ndege uliyemwona au kumsikia. Kwarara na yangeyange utawakuta karibu kila mara. Korongo wakubwa wanaosimama juu ya majalala wahesabiwe pia, ila wingi wao usikufanye udhani kwamba mto umepona, kwa kuwa wao hufuata mabaki ya chakula. Anayestahili kuangaliwa kwa makini ni fundichuma, ambaye hula vyura na samaki, pamoja na mdiria anayepiga mbizi, kwani ndege hawa hawakai mahali ambapo maji hayana cha kuwalisha. Kereng'ende, vyura na kaa nao waandikwe. Usipoona kitu, andika sifuri. Nafasi iliyoachwa wazi haimwambii msomaji kama hapakuwa na ndege au kama hakuna aliyeangalia.

Kwa upande wa taka, hesabu kabla ya kuokota. Nimeona makundi yenye bidii yakijaza magunia saa mbili nzima, kisha yakashindwa kueleza ndani yake mlikuwa na nini. Gawanya taka kwa aina ambazo kila mtu anazitambua: chupa za plastiki, vifuniko, nepi, viatu, nguo, vyuma, vioo na karatasi za vyakula. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa iwe na safu yake, kwa sababu ilipigwa marufuku nchini tarehe 28 Agosti 2017 na ni muhimu kujua kama bado inaonekana. Tenga pia taka zilizomwagwa ukingoni na zile zilizonaswa kwenye matawi na mizizi. Za kwanza zilitupwa na watu wa karibu. Za pili zililetwa na maji kutoka juu, na dawa ya moja haiwezi kuwa dawa ya nyingine. Ukipima uzito, andika kama taka zilikuwa kavu au mbichi, maana nepi na nguo zilizolowa huongeza kilo nyingi zisizo na maana.

Mmomonyoko ndio unaosahauliwa zaidi, ingawa kuupima ni rahisi. Chonga vigingi vya mti vya sentimita 50 na uvipigilie kwa ulalo ndani ya ukingo, ukiacha sentimita 5 nje. Nondo ya chuma ingedumu zaidi, lakini haitachukua wiki kabla ya kung'olewa na kuuzwa kama chuma chakavu. Kagua kwanza kama ukingo una matundu, kwa kuwa baadhi ya mdiria na keremkerem huchimba viota vyao humo. Kila ziara, pima urefu wa kigingi ulio nje: tuseme mwezi Machi ulikuwa sentimita 5 na mwezi Juni umekuwa 23, basi ukingo umepoteza sentimita 18 katika masika hayo. Kigingi kikitoweka kabisa, andika hivyo na tarehe. Piga picha ukiwa umesimama mahali palepale, ukielekeza simu upande uleule, na uepuke kupiga picha za watu na nyumba zao bila idhini.

Vaa buti za mpira na glavu nene, usiguse sindano kwa mkono, usiingie majini ukiwa na kidonda, wala usishuke mtoni peke yako au mvua inapojikusanya upande wa juu. Jioni hiyohiyo nakili daftari kwenye jedwali moja lenye tarehe, saa, hali ya hewa na majina ya waliohesabu. Baada ya masika na vuli, nakala moja ipelekwe kwa mzee wa mtaa na nyingine katika ofisi ya mazingira ya kaunti, ikiwa na picha za mwanzo na za mwisho zikiwa ubavu kwa ubavu.