Namna ya kusikia mabadiliko ya Radiohead kutoka OK Computer hadi Kid A

Albamu ya Kid A ilipotoka Oktoba 2000, wasikilizaji wengi walisema Radiohead, bendi ya roki ya Uingereza, wametupa magitaa. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Tenga saa tatu, uisikilize pamoja na albamu yao ya OK Computer ya 1997.

Andaa vifaa kwanza. Tumia hedifoni, si spika ya simu: uzi mnene kabisa wa gitaa la besi hutetema kwa takriban hezi 41 (mitetemo 41 kwa sekunde), na spika ndogo haiwezi kuutoa. Utaikosa The National Anthem ya Kid A, ambayo besi ndiyo inayoubeba wimbo wote. Zima ikwalaiza (kirekebishi cha besi na sauti nyembamba) na uchezaji wa kuchanganya nyimbo, kisha sawazisha ukubwa wa sauti wa albamu zote mbili. Ukipuuza hili, ile yenye sauti kubwa kidogo itakuvutia zaidi, nawe utadhani ni ubora.

Chora safu mbili kwenye karatasi. Ya kwanza andika chombo kinachopigwa, ya pili andika kilivyogeuzwa studio. Ni hapa watu hukosea: wasipotambua mlio, huandika "kompyuta" na kusonga mbele.

Anza na Airbag, wimbo wa kwanza wa OK Computer, ukifuata ngoma peke yake. Phil Selway, mpiga ngoma wa bendi, alirekodiwa akipiga, kikachaguliwa kipande cha sekunde chache, kikahaririwa kwenye kompyuta na kurudiwarudiwa. Kwa hiyo mbinu ya Kid A ilishaingia ndani ya nyumba miaka mitatu kabla. Pitia pia Fitter Happier, ambapo maneno yanasomwa na sauti ya kompyuta ya Macintosh.

Sasa ingia Kid A. Katika Everything in Its Right Place, hesabu hadi 10 kwa kila mzunguko wa kinanda. Ukihesabu 4 kwa mazoea ya roki, mzunguko utakuponyoka na wimbo utaonekana hauna mpangilio. Ukishaushika, rudia wimbo ukifuata sauti ya mwimbaji Thom Yorke tu, jinsi ilivyokatwakatwa na kutawanywa kushoto na kulia.

How to Disappear Completely inahitaji subira. Gitaa la kawaida lisilo la umeme lipo tangu mwanzo. Juu yake kuna okestra ya nyuzi na ondes Martenot, kinanda cha umeme kilichobuniwa Ufaransa miaka ya 1920, inayopigwa na Jonny Greenwood wa bendi hiyo. Kuvitenganisha, sikiliza mkwaruzo wa uta: fidla zinao, ondes huteleza kutoka noti hadi noti bila mkwaruzo wowote.

Idioteque ni rahisi: ngoma za mashine, na kodi nne (noti kadhaa zinazolia pamoja) zilizochukuliwa kutoka kazi ya kompyuta ya mtunzi Paul Lansky ya 1973.

Treefingers ndiyo mtihani wenyewe. Hakuna mlio unaofanana na gitaa, lakini malighafi yake ni gitaa la Ed O'Brien, mpiga gitaa wa bendi, lililochakatwa kidijitali. Andika "gitaa" safu ya kwanza bila kusita. Wimbo unaofuata, Optimistic, una magitaa ya wazi kabisa.

Ukiwa bado na nguvu, chukua Amnesiac ya 2001, iliyotokana na vipindi vilevile vya kurekodi Kid A. Wimbo Morning Bell umo katika Kid A na Amnesiac kwa mipangilio tofauti. Ile ya Kid A ihesabu kwa 5.