Meza ya Kuchambua Kwanza, Mashine Baadaye: Namna ya Kukuza Biashara ya Siagi ya Karanga Dar

Wanaonifuata Tabata Kimanga kutaka kujua namna ya kuanza kutengeneza siagi ya karanga huuliza kwanza bei ya mashine. Naelewa. Mashine inaonekana, inanguruma, na jirani akipita anajua hapa pana kiwanda. Lakini katika kazi hii kusaga ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Kinachoamua kama biashara itadumu ni meza ndefu iliyotandikwa kitambaa cheupe karibu na dirisha, kinamama waliokaa pande zote mbili, na karanga zinazopita mikononi mwao. Kiasi ambacho meza hiyo inaweza kuchambua kwa siku, hicho ndicho kiasi ambacho kiwanda kinaweza kuzalisha. Ukisaga zaidi ya hapo, unamuuzia mtu kitu usichokijua.

Sababu ni sumukuvu. Karanga zikikaa na unyevu, fangasi aitwaye Aspergillus flavus huota juu yake na kutoa sumu ambayo huioni, huinusi wala huionji. Kukaanga huipunguza tu, hakuimalizi. Mtu akiila kidogo kidogo kwa miaka, ini lake ndilo linaloumia, hadi saratani. Akila nyingi kwa mara moja anaweza kufa, kama tulivyoona mwaka 2016 Dodoma na Manyara, ambako watu walipoteza maisha kwa kula mahindi yaliyochafuka. Kiwango kinachoruhusiwa Afrika Mashariki kwa karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote kwa pamoja, na 5 kwa ile kali zaidi inayoitwa B1. Ukitaka picha yake, mikrogramu 10 kwa kilo ni sawa na gramu 10 ndani ya tani elfu moja.

Habari njema ni kwamba sumu hii haijitawanyi sawasawa. Ndani ya gunia zima, punje chache zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zilizotobolewa na wadudu ndizo hubeba sehemu kubwa. Ukizitoa hizo, umetoa sehemu kubwa ya hatari. Ndiyo maana mkono wa mtu makini una thamani kuliko mota.

Kununua

Mimi hununua Tandale, kwenye maduka ya nafaka. Nenda asubuhi, na usikubali kuoneshwa karanga za juu ya gunia peke yake. Omba bambo, ile chuma yenye ncha na mfereji ya kutolea sampuli guniani, choma juu, katikati na chini, kisha pande zote mbili. Muuza karanga mwema hatachukia. Anayechukia mwache na mzigo wake. Mwaga ulichotoa kwenye sinia, usiache viganjani, maana kiganja kinaficha.

Karanga kavu zina sauti. Zichezeshe kwenye sinia uzisikilize: zikilia kwa ukali zimekauka, zikilia kwa uzito bado. Iume moja, ikivunjika kwa mlio ni kavu, ikibonyea ina maji. Ukipata uwezo nunua kipima unyevu, na usichukue zenye unyevu unaozidi asilimia 7 au 8. Kabla ya hapo meno yatakusaidia.

Uliza pia zilimenywaje. Huko shambani wapo wanaonyunyizia maji karanga zikiwa bado na maganda ya nje, zipate kulainika na kumenyeka upesi. Zikishamenywa zinaanikwa tena juujuu na kutiwa guniani, na ukungu unaanza safari pamoja na lori. Karanga za namna hii mara nyingi huwa na ngozi iliyofifia na yenye mabaka, na ukiingiza mkono katikati ya gunia unahisi ujoto. Hata zikiwa za bei nafuu, usizichukue.

Tafuta punje za ukubwa mmoja. Mbegu kama Pendo, iliyotoka kwa watafiti wa Naliendele kule Mtwara, hutoa punje nene zinazolingana, na faida yake utaiona jikoni: punje ndogo na kubwa zikikaangwa pamoja, ndogo zinaungua kabla kubwa hazijaiva, na siagi yote inabeba uchungu.

Kuhusu msimu, karanga mpya za Dodoma, Singida na mikoa ya jirani huanza kuvunwa masika inapoelekea ukingoni, na kuanzia Juni sokoni zinapatikana kwa wingi na bei inapumua. Kadiri unavyosogea Desemba hadi Machi bei hupanda na ubora hushuka, kwa sababu kilichobaki ni mzigo uliokaa. Mwenye biashara anayetaka kulala usingizi hununua akiba yake ya mwaka, au sehemu yake kubwa, kati ya Juni na Agosti. Nazungumzia akiba kwa sababu hapa Dar hewa yenyewe ina maji. Panga magunia juu ya chaga, yasiguse ukuta, na karanga zihifadhiwe kwenye mifuko ya PICS, ile yenye tabaka tatu inayozuia hewa. Ila kumbuka, mfuko huo unatunza ulichokiweka: ukifunga karanga zenye unyevu, umefungia tatizo ndani.

Kuchambua

Tunachambua mara mbili. Mara ya kwanza kabla ya kukaanga: tunatoa zilizosinyaa, zenye ukungu, zilizochipua, zilizovunjika na zenye matundu. Mara ya pili baada ya kukaanga na kupepeta ngozi nyekundu. Hii ya pili wengi huiruka, nami naiona muhimu kuliko ya kwanza, kwa sababu ngozi inaficha. Punje iliyokuwa nzuri kwa nje, ukiivua ngozi unaikuta ina doa la kahawia au imekuwa ya kijivu kwenye kiini. Hiyo inatoka.

Jambo ambalo ningependa ulishike hata ukiyaacha mengine: walipe wachambuaji kwa siku au kwa saa, usiwalipe kwa kilo. Ukimlipa mtu kwa kilo umemwambia akimbie, na anayekimbia haoni. Mama anayelea watoto kwa ujira huo atakimbia, na huwezi kumlaumu. Mlipe kwa muda wake, mpe kiti chenye mgongo, mwanga wa mchana na mapumziko ya kunyoosha macho. Mchana unapochwea tunaacha kuchambua, tunafanya kazi nyingine.

Pima makapi ya kila gunia na uandike daftarini: tarehe, duka ulilonunua, mkoa zilikotoka, kilo zilizoingia, kilo zilizotupwa. Baada ya msimu mmoja daftari hilo litakuambia nani wa kurudi kwake Tandale na nani wa kumsalimia tu ukipita. Makapi yakishuka ghafla usishangilie. Simama mezani mwenyewe uone kama karanga zimekuwa bora au macho yamechoka.

Sasa, makapi yenyewe. Atakuja mtu kuyanunua, hilo usilitilie shaka. Mmoja atasema ni ya kuku, mwingine ya ng'ombe, wa tatu hatasema, na huyo ndiye anayepeleka kwenye kashata au kwenye unga wa lishe wa watoto. Usimuuzie hata mmoja. Sumukuvu inaua kuku, na ng'ombe akiila inatokea kwenye maziwa kwa sura nyingine. Ukiuza makapi umerudisha mezani kwa mtoto wa jirani kile ulichokitoa kwenye chupa ya mteja wako. Sisi tunayachoma mpaka yawe majivu, mbali na eneo la kazi, na hasara yake tumeshaiweka kwenye bei. Kwangu biashara endelevu inaanzia hapa, kabla ya kufika kwenye vifungashio. Ngozi nyekundu za karanga safi huchukuliwa na wakulima wa bustani kwa ajili ya mboji.

Bei

Hesabu inayowaangusha wengi ni hii. Tuseme kilo ya karanga ni shilingi 3,500 na umenunua kilo 100, yaani 350,000. Anayeanza atasema chupa ya gramu 400 ina karanga za shilingi 1,400. Lakini baada ya makapi, maji yaliyokauka kwenye moto na ngozi, tuseme umebaki na kilo 82. Gawanya 350,000 kwa 82, kila kilo imekugharimu kama 4,270, na chupa ile ina karanga za 1,700 na ushee. Tofauti ya shilingi 300 kwa kila chupa inakulia mtaji kimyakimya, na kadiri unavyouza zaidi ndivyo unavyoliwa zaidi. Wapo waliofunga biashara wakiwa na wateja wengi kwa sababu hii.

Juu ya hapo ongeza chupa na kifuniko, lebo, gesi, LUKU, ujira wa mezani, bodaboda, kodi ya chumba, vipimo vya maabara na mshahara wako mwenyewe. Huo mshahara usiuache eti kwa kuwa kiwanda ni chako. Bei isiyokulipa wewe, siku ukiugua hutaweza kumlipa mtu wa kukushikia.

Jikoni kwenyewe sina mengi. Kaanga kwa moto wa wastani mpaka ndani ya punje pawe na rangi ya dhahabu, zipoe, saga mara mbili, tia chumvi kidogo. Sehemu za mashine zinazogusa karanga ziwe za stenlesi. Chupa na vyombo viwe vikavu kabisa, maana tone la maji ndani ya siagi ni mwanzo wa kuharibika. Mafuta yakipanda juu baada ya siku chache ni kawaida ya karanga tupu. Andika kwenye lebo "koroga kabla ya kutumia" na wateja watazoea.

Karatasi pia zina mpangilio wake: jina la biashara BRELA, namba ya mlipakodi TRA, leseni kutoka halmashauri, vipimo vya afya kwa kila anayegusa chakula, mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo. Masuala ya usalama wa chakula yalihamia TBS, yaani Shirika la Viwango, mwaka 2019, kwa hiyo usipotezwe na anayekuelekeza TFDA, mamlaka iliyoyashika zamani. Anzia SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, lililo hapa Vingunguti kwa sisi wa upande huu. Wanatoa mafunzo na barua ya kukutambulisha TBS kama mjasiriamali mdogo, na njia hiyo ni nafuu kuliko kwenda peke yako. Sampuli za sumukuvu hupimwa kwenye maabara ya TBS pale Ubungo. Usipeleke karanga za mkono mmoja. Changanya kutoka magunia yote ya mzigo huo, ndipo jibu litakuwa la mzigo.

Kuuza, na kukua

Anza na wanaokulipa leo. Vikundi vya jogging vya Jumapili asubuhi ni wateja wazuri sana: wanajali afya, wako wengi pamoja, na mmoja akipenda anawaambia wenzake kabla hawajamaliza kunyoosha viungo. Wengine ni wafanyakazi wa ofisi za katikati ya jiji kule Posta, walimu, kliniki za watoto kwa ruhusa ya wahusika, na maduka ya mtaani. Kwa maduka utaombwa mali kauli. Mpe mwenye duka chupa chache, na za pili aletewe akishalipia za kwanza. Sema hivyo siku ya kwanza kwa heshima, bwana Mangi ataelewa. Duka kubwa lenye viyoyozi likikuita, uliza kwanza linalipa baada ya siku ngapi. Likikulipa baada ya siku 60, wewe ndiye unayelikopesha, na je, mtaji wako unaweza kukaa nje siku 60 huku karanga za msimu zikiwa sokoni? Mimi nimelikataa duka la namna hiyo na sijapungukiwa.

Chupa za kioo anayerudisha ninampunguzia kwenye inayofuata. Zinaoshwa, zinachemshwa, zinakaushwa kwenye oveni. Mteja mwenye chupa tupu nyumbani ana sababu ya kurudi.

Oda zikizidi, usikimbilie mashine kubwa. Ongeza meza ya pili. Na ukipata mkopo, uwe wa kikoba au ule wa asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ulenge Juni: nunua karanga nzuri bei ikiwa chini. Mashine inayokaa bila karanga nzuri haikulipi marejesho. Karanga nzuri zilizo kwenye chaga zinakulipa mwaka mzima, hata kwa mashine ile ile ndogo.

Mchambuaji mpya akae kwa siku za mwanzo kati ya wawili wenye uzoefu. Kisha mpime hivi: chukua punje mbovu 20, zitie alama ndogo ya rangi upande mmoja, zichanganye kwenye sinia lake bila kumwambia, na jioni uhesabu ngapi zimerudi kwenye makapi. Sinia lake lisiingie jikoni mpaka zote 20 zipatikane. Zikirudi pungufu, mrudishe katikati ya wale wawili, umlipe kama kawaida, na umpime tena wiki inayofuata. Hata wazoefu nawapima hivyo kila mzigo mpya unapoingia, nami nakaa mezani wanipime.