Cinque Terre: Lala La Spezia, Tembea kwa Treni

Mnaopanga kwenda Cinque Terre, vile vijiji vitano vya pwani ya Liguria huko Italia, msikimbilie kukodi gari. Barabara ni nyembamba, zimejaa kona, na maegesho ni machache na ghali. Tafuteni chumba La Spezia au Levanto, miji ya jirani ambako bei kwa kawaida ni nafuu, kisha mpande treni. Kutoka La Spezia hadi kijiji cha Riomaggiore ni kama dakika kumi tu, na kijiji hadi kijiji ni dakika chache. Kuna Cinque Terre Treno Card: unapanda treni utakavyo kati ya La Spezia na Levanto, na njia za miguu za kulipia zimo humohumo, isipokuwa ile ya Via dell'Amore yenye malipo yake. Tiketi ya karatasi igongeni muhuri kwenye mashine ya stesheni kabla ya kupanda, la sivyo faini.

Wenye watoto au wazee, kijiji cha Corniglia kiko juu ya mwamba. Kutoka stesheni kuna ngazi zaidi ya 370, ila kuna kibasi. Ufuo wa mchanga wa kuogelea uko kijiji cha Monterosso. Mimi ningeenda Mei au Septemba, maana Agosti watu hubanana kama dagaa.